Dhamana ya Betri ya Taifa

Iko nchi moja inaitwa Tumetulia. Usiitafute kwenye ramani. Wachoraji waliopewa kazi ya kuichora walikatazwa kumaliza, kwa sababu mpaka ukionekana humshawishi mtu kuuvuka. Wananchi wake ni wapole, wanapenda kupiga makofi, na si watu wa kuuliza mambo yataisha lini.

Sikukuu yao kubwa ni Siku ya Ngurumo. Siku kama hiyo, miaka kumi na tisa kabla ya mambo haya, Mtukufu Mlezi alitoka porini akiendesha gari lake la nyika, gari refu la magurudumu manene lenye boneti kama paji la kiboko, akaingia mji mkuu. Mtawala aliyekuwepo alisikia mngurumo ukija, akapanda gari lake mwenyewe, naye akanguruma kwenda upande wa pili. Hajaonekana tena. Tangu hapo gari la Mtukufu Mlezi likawa tunu ya taifa. Likajengewa banda la vioo ndani ya viwanja vya ikulu, na kila mwaka Mtukufu hupanda mbele ya umma, huzungusha ufunguo, gari hunguruma kwa muda wa beti tatu za wimbo wa taifa, kisha huzimwa mpaka mwakani.

Mwaka wa kumi na tisa alizungusha ufunguo, gari likasema: ta. Akazungusha tena. Ta. Mara ya tatu halikusema kitu.

Hakuna aliyekuwa ameelekezwa la kufanya. Bendi ilipiga ubeti wa kwanza, ikaurudia, ikaurudia tena. Wananchi wakapiga makofi. Walipiga kwa saa moja na dakika arobaini, maana kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuacha. Wazee wawili walikata roho wakipiga, wakapewa nishani. Mwishowe Mtukufu alishuka, akapunga mkono kama mtu aliyefika safari yake, akaingia ndani.

Siku hiyohiyo fundi aliyeichagua betri alipelekwa kozi. Alikuwa wa tatu. Fundi Hiza yuko kozi mwaka wa sita sasa, na Fundi Mponda mwaka wa nne. Wake zao hupata barua yenye mhuri kila Disemba: "Mumeo anaendelea vizuri na masomo." Chuo kiko wapi, watu hawajui. Wanajua tu kwamba magari yanayokwenda huko hurudi yakiwa mepesi.

*

Asubuhi yake wanaume wawili walisimama mbele ya karakana ya Fundi Chande Mkumba. Walivua kofia. Walimwamkia shikamoo kwa pamoja. Adabu ile ndiyo iliyomtisha.

Fundi Chande alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia kwenye betri. Madereva wanaopeleka dawa na chumvi kule ambako barabara ni mto uliokauka hawakuchukua betri isiyopita mikononi mwake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, wala hakuwa na jina serikalini, jambo ambalo katika nchi ile ni afya.

"Mzee, ni wewe ambaye betri zako hazifi?" aliuliza mmoja wao.

"Zinakufa, bwana. Ila kila moja hufa kwa wakati wake."

"Neno hilo usilitumie kesho," alisema yule wa pili kwa upole. "Kesho utakuwa mbele ya Kamati."

Walipoondoka, Bi Somoe mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele uani na kusikia yote, aliweka ungo chini.

"Waambie unaumwa, baba Mwajabu."

"Naumwa nini?"

"Mgongo. Nani atapima mgongo?"

"Mponda naye aliumwa mgongo. Wakambeba na kitanda chake."

Bi Somoe akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa. "Basi chagua kimeo. Wakuone hujui kazi, wakufukuze kwa matusi. Matusi hayatoboi ngozi."

"Nikichagua betri mbovu kwa makusudi, hata mkono wangu utanikatalia."

"Mkono. Ehe. Na huo mkono ndio utakaokaa na mimi hapa tukizeeka?"

"Nitarudi, Somoe."

"Hiza naye aliaga hivyohivyo. Mkewe mpaka leo, kila Ijumaa, anampakulia chakula." Akauchukua ungo tena. "Mimi sitaki nishani, sitaki barua ya Disemba. Nakutaka wewe, na ukorofi wako wote. Hilo tu."

Fundi Chande aliingia ndani. Alichukua kipima maji chake cha kioo, kile chenye chelezo kidogo ndani kinachopanda betri ikiwa nzima na kuzama ikiwa inakufa, akakifunga kwenye kitambaa safi.

*

Kamati ilikaa katika Ukumbi wa Milele. Betri kumi na moja zilipangwa mezani, kila moja imefunikwa shuka jeupe, na kwa mbali zilionekana kama maiti za watoto. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Pazi Kilindo, Waziri wa Mambo ya Kudumu, mtu mwenye shingo fupi na sauti ndefu.

"Ndugu wajumbe," alianza, "betri ni nini? Wageni walituambia betri ni chombo cha kuhifadhia umeme. Nasi, kwa upole wetu, tukakubali. Leo tunasema hapana. Betri ni uaminifu uliotiwa ndani ya sanduku."

Makofi.

"Na sanduku hilo, ndugu wajumbe, lisipokuwa na uaminifu, hata ulijaze asidi mpaka mdomoni, ni sanduku tu."

Makofi marefu. Mjumbe mmoja alilia kidogo, akaangalia kama ameonekana.

Fundi Chande aliruhusiwa kuzikaribia. Akafunua shuka la kwanza, akasahau alipo. Aliinua betri moja baada ya nyingine, maana betri yenye madini ya risasi ya kutosha ndani huonekana kwa uzito, na nyepesi ni ya kudanganyia wageni. Alisoma tarehe zilizogongwa ubavuni. Alizitikisa karibu na sikio, akaziweka kando nne ambazo sahani zake za ndani zilikuwa zinacheza.

"Gari la nyika ni la mashimo," alieleza, bila kumtazama mtu. "Betri yake haimalizwi na kuwasha, inamalizwa na kutikisika. Sahani zikilegea, zinagusana, imekwisha. Kwa hiyo natafuta ambayo tumbo lake limekazwa."

Akafungua vizibo, akapima maji seli kwa seli. Alipofika ya tisa, chelezo kilipanda katika seli zote sita kwa usawa mmoja kama askari wa gwaride. Akaipima mara ya pili kwa raha tu. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye sura mbaya, na pembe zake zilikuwa zimeimarishwa kama kreti.

"Hii," alisema.

Waziri akainama, akaitazama. "Hapa pana alama ya kujumlisha. Vizuri. Na hapa?"

"Hapo ni hasi, Mheshimiwa."

Wajumbe wa karibu wakasogeza viti nyuma.

"Hasi ya nini?"

"Kila betri ina chanya na hasi. Bila hasi umeme hauendi popote."

"Unaniambia kwamba gari la Mtukufu Mlezi, miaka yote hii, limebeba kitu hasi, tena karibu kabisa na miguu yake?"

Wajumbe walijadili kwa saa tatu. Wengine walitaka itafutwe betri yenye chanya mbili. Mwishowe ilikubaliwa kwamba hasi ibaki, kwa sababu za kiufundi, lakini ivishwe kitambaa cha rangi za bendera na isitajwe katika kumbukumbu za kikao. Kisha Waziri akagundua kibandiko kilichoandikwa miezi thelathini. Aliuliza ni nani aliyewaambia watengenezaji mambo ya miezi, na kama walikuwa wamezungumza na daktari wa Mtukufu. Kibandiko kikabanduliwa na kuchomwa mbele ya mashahidi.

Ndipo aliposimama karani wa Idara ya Dhamana, Bwana Masebo, mtu mwembamba mwenye wino kwenye vidole vitatu.

"Nchi nyingine," alisema, "dhamana ni karatasi. Karatasi inanyeshewa, inaliwa na panya. Sisi tukaona aibu. Kwetu dhamana ni mtu."

Fundi Chande alipewa ukurasa wa kwanza kusoma na ukurasa wa nne kutia sahihi. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba mdhamini atakaa ubavuni mwa kitu alichokidhamini, atalala hapo na kula hapo, mpaka kitu hicho kife. Betri ikifa siku ya kawaida, hicho ni kifo cha heshima, itaandikiwa cheti cha kifo, na mdhamini atarudi nyumbani na shukrani za taifa. Ikifa Siku ya Ngurumo, mdhamini atakwenda kozi.

"Ni betri ngapi zimewahi kufa siku ya kawaida?" aliuliza Fundi Chande.

"Hakuna hata moja," alisema Masebo kwa fahari. "Zote zimekufa Siku ya Ngurumo, mbele ya umma. Betri zetu zina uzalendo mwingi."

Akatia sahihi. Mlangoni walikuwa wamesimama wale wanaume wawili wenye adabu, wameshika kofia zao.

*

Siku ya kwanza tu bandani, Fundi Chande alijua kilichowaua wenzake.

Taa zote za gari zilikuwa zinawaka, mchana na usiku, kwa kuwa Mwanga wa Taifa hauzimwi. Redio ya gari ilikuwa inacheza hotuba za Mtukufu kupitia vipaza sauti vinne, nayo haikuwahi kunyamaza. Na injini haikuwashwa hata dakika moja, mwaka mzima, mpaka Siku ya Ngurumo yenyewe, ambapo betri iliyokwisha kunyonywa iliamriwa iliamshe dude lote lile kwa mkupuo mmoja. Betri mpya ilivumilia miaka miwili, mitatu. Kisha ta, ta, na mtu anakwenda kozi. Na kwa kuwa hakuna aliyejaribu ufunguo siku nyingine, hakuna betri iliyopata nafasi ya kufa siku ya kawaida.

"Bwana Masebo," alisema, "gari hili linatakiwa liwashwe kila siku. Robo saa inatosha. Injini ndiyo inayoirudishia betri chakula."

Karani aliangalia kulia, akaangalia kushoto, ingawa banda lilikuwa la vioo na walioweza kuwaona walikuwa wanawaona. "Mzee wangu, unajua gari likinguruma ikulu siku isiyo ya sherehe maana yake nini?"

"Maana yake linawaka."

"Maana yake anaondoka. Yule wa kabla yake aliondoka vipi? Askari wakisikia mngurumo wanatupa bunduki, mawaziri wanatafuta suruali za raia. Ni sheria, namba moja katika kitabu. Hakuna kunguruma."

"Basi tuzime taa."

"Hiyo ni namba mbili."

Fundi akaandika barua. Barua ikapanda ngazi, na kila ngazi ikaongezwa sahihi na kupunguzwa neno. Siku zikapita. Kila asubuhi alipima maji, na kila asubuhi chelezo kilizama upana wa uzi. Alianza kuota kuhusu chelezo kile. Bi Somoe aliruhusiwa kumletea chakula mpaka kwenye geti tu, na geti lilikuwa mbali. Fundi Chande aliona kanga yake, akaona anavyosimama kidogo baada ya kukabidhi bakuli, kisha anageuka.

Siku ya arobaini na moja, saa mbili asubuhi, mzee mmoja aliyevaa makubazi aliingia bandani peke yake. Masebo alimwona, akapiga magoti papo hapo. Fundi Chande alikawia kumtambua, kwa sababu kwenye picha Mtukufu Mlezi alikuwa na miaka thelathini na mitano tangu zamani.

"Ni wewe uliyeandika barua?" aliuliza Mtukufu. "Ilinifikia ina maneno mawili. 'Betri' na 'Wako.'"

"Ni mimi, Mtukufu."

"Betri zangu zinauawa na nani?"

"Hakuna anayeziua. Zinakufa kwa kukaa."

Masebo, pale chini, alifumba macho.

"Rudia."

"Gari limewasha taa mwaka mzima na haliendi popote. Linatoa tu, halipokei. Betri si chemchemi, Mtukufu, ni mtungi. Ukichota bila kujaza, utakuja kukwangua chini."

Mtukufu alilizunguka gari taratibu. Sauti yake mwenyewe, changa, ilikuwa ikihutubia kutoka kwenye vipaza sauti.

"Mimi nimekaa hapa miaka kumi na tisa," alisema.

"Nasema habari za betri, Mtukufu."

"Najua unasema habari za betri. Ndiyo maana bado unasema." Akasimama mbele ya boneti, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Robo saa kila siku?"

"Robo saa."

"Saa moja asubuhi," alisema Mtukufu. "Waziri atawatangazia watu ili wasishtuke."

*

Waziri Kilindo alitangaza redioni mwenyewe, mara sita kwa siku. Alisema kuanzia kesho kutasikika mngurumo kutoka ikulu, kwamba mngurumo huo haumaanishi chochote, kwamba hakuna mtu yeyote anayekwenda mahali popote, na kwamba atakayepatikana akiufikiria mngurumo huo atachukuliwa hatua.

Asubuhi ya kwanza gari liliwaka kwa mguso mmoja. Robo saa. Chelezo kikapanda kidogo, na Fundi Chande akala uji wake wote. Mjini soko lilifunguliwa likiwa nusu.

Asubuhi ya tatu chelezo kilipanda zaidi. Walinzi wa geti la kaskazini walikuwa wanne badala ya wanane. Waliobaki wakiulizwa kuhusu wenzao walisema wana msiba, wote, kwa mjomba mmoja.

Asubuhi ya tano mke wa Waziri wa Fedha alikwenda kumsalimia dada yake ng'ambo na kuchukua makochi. Asubuhi ya sita ndege wa ikulu, tausi kumi na wawili, hawakuonekana, na mapishi fulani yalinukia kwenye kambi. Kila mngurumo ulipoanza, Fundi Chande aliona mapazia ya ofisi yakisogea, na baada ya robo saa milango ikifunguka na kufungwa taratibu, na nyayo zikienda upande mmoja tu.

"Mzee, tuache," Masebo alimwambia kwa kunong'ona. "Unaona unachofanya?"

"Naichaji betri."

"Unaibomoa serikali."

Fundi Chande alikipandisha kipima kwenye jua. Chelezo kilikuwa karibu kufika juu. Alihesabu moyoni: siku chache zaidi, betri ishibe, kisha akiomba ruhusa ya kuipumzisha na kuipima siku moja ya kawaida, siku isiyo na bendi, pengine ataweza kuiacha ife kwa heshima. Angerudi nyumbani. Hakutaka kubomoa chochote. Lakini akiacha kuwasha, Siku ya Ngurumo gari litasema ta. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

"Niletee amri ya maandishi," alisema, "nitaacha."

Masebo alikwenda kutafuta mtu wa kuandika amri. Alizunguka jengo lote. Akarudi, akakaa chini.

"Hakuna mtu," alisema.

*

Asubuhi ya tisa Mtukufu Mlezi alikuja na sanduku moja. Hakuwa na mlinzi. Alipanda upande wa usukani.

"Fundi. Panda."

"Tunakwenda wapi, Mtukufu?"

"Robo saa."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa gari lilitoka bandani. Lilivunja mlango wa kioo kwa sababu aliyekuwa na funguo zake alikuwa msibani. Masebo alibaki nyuma, ameshika faili kifuani.

Barabarani watu walisimama kimya. Hakuna aliyepiga makofi, na ukimya huo ulimfanya Mtukufu akanyage mafuta zaidi. Kila kizuizi kiliinuliwa kabla hawajafika. Nje ya mji lami ilikatika ghafla.

"Nani ameiharibu barabara hii?" aliuliza Mtukufu. "Niliifungua mimi. Kilomita mia nne."

"Ndiyo, Mtukufu. Tuliisikia redioni."

Waliendesha siku nzima kwenye mashimo, mawe na michanga. Jua lilipoanza kulala waliingia mto mkavu, gurudumu la mbele likazama, na injini ikazimika. Vumbi likawashukia taratibu kupitia madirisha. Mtukufu alimgeukia, na Fundi Chande aliona bastola ndogo ikitoka kwenye koti, bila haraka, kama mtu anayetoa leso.

"Dhamana," alisema Mtukufu. Akazungusha ufunguo.

Gari liliwaka kwa mguso mmoja.

Fahari ilimpanda Fundi Chande kabla hajaweza kuizuia. Baada ya mashimo yale yote, sahani hazikucheza hata moja. Alijionea haya, lakini fahari ilikaa palepale, ikimpasha moto kifua.

Mpakani palikuwa na kibanda kimoja, mlingoti, na karani wa nchi ya jirani aliyekuwa anakula mahindi. Mtukufu alitoa pasi kumi na moja, karani akachagua moja.

"Na huyu?"

"Huyu ni dhamana ya betri."

"Kwetu dhamana ni karatasi," alisema karani. "Mtu asiye na pasi hapiti."

Mtukufu alifikiri kidogo. Kisha akajinyoosha, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Umechagua vizuri, fundi," alisema. Gari likavuka, likapanda kilima, likapotea. Mngurumo wake ulisikika muda mrefu sana, safi, hauna kikohozi.

*

Fundi Chande alirudi kwa lori la mkaa, siku tatu. Njiani redio ya dereva ilitangaza kwamba nchi sasa iko chini ya Baraza la Utulivu Zaidi, mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Pazi Kilindo, na kwamba wananchi waendelee na shughuli zao na makofi yao. Fundi alisikiliza kwa nusu sikio. Gari limeondoka, mwenye gari ameondoka, betri imeondoka. Alikuwa mtu huru aliyejaa masizi. Aliwaza maji ya kuoga, na namna Bi Somoe atakavyomtukana kabla ya kumpa chakula.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa kufuli lisilo lake. Jirani yake, Mama Chausiku, alichungulia kwenye ua.

"Walikuja wawili," alisema. "Walivua kofia."

Alikwenda ikulu kwa miguu, na mara mbili alijikuta anakimbia. Getini palikuwa na askari mmoja, ambaye hakumzuia. Banda la vioo lilikuwa limefagiliwa. Karani Masebo alikuwa kwenye meza yake, wino kwenye vidole vitatu. Na kwenye benchi, pembeni ya doa la mafuta lililobaki sakafuni, alikuwa amekaa Bi Somoe, mikono mapajani, kanga imefungwa vizuri.

"Afadhali umerudi, mzee," alisema Masebo kwa moyo mweupe. "Faili lilikuwa na pengo. Ukurasa wa tatu: mdhamini asipoonekana mahali pake, nafasi itajazwa na aliye karibu naye kwa ndoa."

"Nimerudi. Mwache aende."

"Kumtoa kunahitaji sahihi ya Mtukufu Mlezi."

"Mtukufu Mlezi amekimbia, Bwana Masebo. Ulimwona kwa macho yako."

"Nilimwona. Lakini fomu bado ni ileile. Baraza limeagiza fomu mpya, zitakuja." Alifunua kurasa, akasoma kwa kidole. "Kuna njia nyingine. Betri ikifa siku ya kawaida, mnatoka wote, leoleo, na shukrani za taifa. Mniletee tu cheti cha kifo, kiandikwe na mwenye gari."

Fundi Chande alitazama nje, upande ambao barabara inakwenda. Kisha akavuka banda, akasimama mbele ya mkewe. Alitaka kusema mambo mengi, na Bi Somoe akamtangulia.

"Hiyo betri, baba Mwajabu. Uliwachagulia nzuri?"

"Nzuri."

"Ya kudumu?"

Alijaribu kutafuta neno lingine, lakini kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu betri.

"Ya kudumu sana," alisema.

Bi Somoe alimtazama usoni kwa muda, masizi yote yale. Kisha akasogea kidogo, akamwachia nafasi kwenye benchi.